Skana ya maktaba na karatasi za baba

Kama nyumbani kwenu kuna karatasi moja tu inayoonyesha kiwanja ni chenu, iskanini wenyewe, kwa mikono yenu, bila haraka, na sehemu nzuri ya kufanya hivyo hapa Dar ni chumba cha kompyuta cha maktaba ya umma. Sina ugomvi na watu wa steshenari, wametusaidia sana na kopi za kila siku tutaendelea kutoa kwao, lakini pale kaunta mmoja anataka kopi ya NIDA, mwingine anataka kuprinti CV, mwingine anadai chenji, na karatasi yako inapita kwa kijana ambaye hajui hata ni ya nini, anabonyeza kitufe kile kile anachobonyeza siku zote, anakutumia kwa WhatsApp, unalipa unaondoka. Ukishafika nyumbani ukiikuza ndo unaona muhuri hausomeki.

Baba alipofariki mambo ya karatasi yalianza hata watu wa msiba hawajaondoka. Cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia cha kumteua msimamizi wa mirathi, barua ya serikali ya mtaa, vyote vya kupeleka Mahakama ya Mwanzo, na wakati huo huo mdogo wetu wa mwisho kamaliza form six anaomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, na ukiwa umefiwa na mzazi Bodi wanataka cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wale wakala wa serikali wanaosajili vizazi na vifo, na huo uhakiki siku hizi unaombwa mtandaoni, yaani lazima cheti kiskaniwe kwanza. Kwa hiyo kabla hatujajua vizuri tumefiwa tayari tulikuwa tunatafuta skana.

Karatasi zenyewe mama alikuwa nazo zote kwenye bahasha ya kaki. Hiyo bahasha ina historia yake. Tulikuwa tumepanga Kigogo, karibu kabisa na bonde, na maji ya Desemba 2011 yalipoingia ndani mama alitoka na mdogo wetu mgongoni na bahasha kwapani, vitanda na magodoro akaviacha. Haya ndo mafuriko ambayo baadaye watu wengi wa mabondeni walipelekwa Mabwepande. Bahasha ilipona lakini maji yaliifikia upande mmoja, ndo maana karatasi nyingi mle ndani zina doa la kahawia pembeni na mbili zilikuwa zimegandana. Ndani yake kuna mkataba wa kiwanja cha Chanika alichonunua baba 2003, na huo mkataba ndo ulionifanya nijue kila ninachokijua leo kuhusu skana.

Mama mwanzoni hakutaka tuende maktaba. Alisema maktaba ni ya wanafunzi, yeye ataingia kufanya nini na kanga zake. Nikamwambia mama, Maktaba Kuu ile pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed Mwalimu aliifungua mwenyewe tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru, haikujengwa kwa ajili ya wanafunzi peke yao, na hizi nyingine ni hivyo hivyo, ni nyumba ya umma na wewe ni umma. Akanyamaza kidogo akasema basi twende, lakini bahasha nabeba mimi. Na kweli aliibeba yeye, kwenye daladala ilikuwa mapajani na mikono miwili juu yake.

Chumba chenyewe ni cha kawaida, kompyuta zimepangwa ukutani, mkutubi yuko mezani karibu na mlango, na skana ni moja, ile ya kioo yenye fida juu, unapanga karatasi nyingi inazivuta moja moja. Wengi wetu tukiona fida tunafurahi maana ni fasta. Mimi nilikuwa nataka kupanga karatasi zote pale juu, yule kaka mkutubi akaja kabla sijabonyeza, akamsalimia mama, shikamoo mama, poleni na msiba, halafu akaniambia taratibu, "Dada, hizo za zamani usizipitishe juu. Pale karatasi inakunjwa ikiwa inavutwa, ikiwa na mkunjo wa zamani itachanikia pale pale. Hizo weka kwenye kioo moja moja." Akatuonyesha tukague pini kwanza, maana pini moja iliyosahaulika inaweza kukwaruza kioo au kukwama ndani. Na akatuambia kitu ambacho nimekiona kwa macho yangu mara nyingi baada ya hapo: ukiskani kwa fida ukaona mstari mwembamba unashuka kutoka juu mpaka chini kwenye kila ukurasa, usihangaike na karatasi, ni uchafu kwenye kile kioo chembamba cha pembeni ambacho karatasi za fida zinapita juu yake. Kioo kimetulia, karatasi ndo inatembea, kwa hiyo kadoa kadogo ka wino wa kalamu au ka gundi kanageuka mstari mrefu. Futa kwa kitambaa laini kikavu, skani tena.

Sasa huo mkataba. Umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, kalamu ya bluu, mbele na nyuma. Bibi aliyemuuzia baba hakujua kuandika, akaweka dole gumba kwa wino wa zambarau, pembeni kuna sahihi ya mjumbe, sahihi za mashahidi wawili, na muhuri wa serikali ya mtaa uliogongwa kwa kuinama kidogo nusu yake ikiwa juu ya maandishi. Bibi mwenyewe alishatangulia mbele za haki na mjumbe pia. Yaani ile karatasi ndo shahidi pekee aliyebaki.

Tuliuskani mara ya kwanza kama programu ilivyokuwa imeachwa na mtu aliyetutangulia, na ilikuwa imeachwa kwenye nyeusi na nyeupe. Kwenye skrini maandishi yalikuja meusi safi kabisa, ukiangalia haraka unasema hii imetoka vizuri kuliko hata karatasi yenyewe. Ila mama hakuangalia maandishi, aliangalia chini, akauliza, "Dole la bibi liko wapi?" Tukakuza. Pale palipokuwa na dole palikuwa na doa jeusi limevimba kama tone la lami, mistari ya kidole hakuna, na nusu ya muhuri haipo kabisa. Kaka akaeleza kwamba kwenye nyeusi na nyeupe mashine inalazimishwa kuamua kila nukta, wewe ni nyeusi au wewe ni nyeupe, hakuna katikati, kwa hiyo zambarau iliyokolea inageuka nyeusi yote na zambarau iliyofifia inageuka nyeupe, inapotea. Tukaweka rangi, dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, tukaskani tena. Hapo dole likaja, mistari yote inazunguka vizuri mpaka unaona kovu dogo lililoikata katikati, na muhuri ukasomeka jina la mtaa na tarehe. Mama alisogea akaangalia muda mrefu, akasema hilo kovu ni la panga, bibi alijikata akiwa shambani na alishawahi kumsimulia baba siku ile ile ya kuandikishana. Mimi nilikuwa sijui habari hiyo maisha yangu yote, na ile karatasi nimeiona tangu niko shule ya msingi.

Kwa hiyo kitu chochote chenye muhuri, dole, sahihi ya kalamu ya rangi, iskani kwa rangi. Usikubali mtu akwambie rangi inajaza nafasi bure.

Lakini ukubwa wa faili nao ni ishu ya kweli, maana mifumo mingi ya kupandishia nyaraka ina kikomo, ukizidisha inakataa. Niliuliza sana hapa nikaelewa hesabu yake. A4 moja kwa dpi 300 ni nukta 2480 kwa 3508, karibu milioni 8.7, kwa rangi kila nukta inachukua baiti tatu, ndo unapata kama MB 26 kabla haijabanwa. Ukipandisha mpaka dpi 600 ukidhani unaongeza mara mbili, hapana, inaongezeka mara nne maana imeongezeka urefu na upana, ni zaidi ya MB 100 kabla ya kubanwa. Kwa maandishi ya kawaida 600 haikusaidii chochote. Nilichozoea sasa natoa nakala mbili: moja ya rangi dpi 300 ambayo ndo ya kutunza siku zote, na nyingine nyepesi ya dpi 150 au 200 kwa ajili ya kupandisha kwenye mifumo. Ni karatasi ile ile ikiwa bado kwenye kioo, unabadilisha tu namba unaskani tena, haichukui muda. Halafu hiyo nyepesi nayo unaikuza uangalie namba ya cheti inasomeka kabla hujatoa karatasi kwenye kioo, sio baada ya kufika nyumbani.

Kuna watu wanaskani vizuri halafu faili likigoma kwa ukubwa wanaenda kwenye tovuti yoyote ya bure ya kupunguza PDF. Jamani, fikirieni kidogo. Unachukua cheti cha kifo cha baba yako au hati ya nyumba unakipeleka kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua, nchi usiyoijua, ili tu kipungue MB mbili ambazo ungeweza kuzipunguza pale pale kwenye skana. Sikubaliani na hilo hata kidogo.

Kitu kingine kilichotusumbua ni ule mkataba kuwa umeandikwa pande zote. Karatasi ya daftari ni nyembamba, taa ya skana inapenya, maandishi ya nyuma yanaonekana mbele kama kivuli na mistari miwili inachanganyikana. Dawa yake ni rahisi mno, unaweka karatasi nyeusi nyuma yake kabla ya kufunika. Mfuniko wa skana ndani ni mweupe, ndo unaorudisha mwanga na kuyaleta maandishi ya nyuma, ukiweka nyeusi mwanga haurudi, yale ya nyuma yanafifia. Mdogo wangu alikimbia steshenari ya jirani akarudi na manila nyeusi, tukaikata A4, na hiyo manila mpaka leo iko kwenye bahasha pamoja na karatasi zenyewe.

Zile mbili zilizogandana kwa maji hatukuzilazimisha. Tuliskani upande wa juu na upande wa nyuma zikiwa hivyo hivyo zimeshikana, maana ukivuta kwa nguvu wino unabaki upande wa pili na hapo hakuna skana itakayourudisha. Hati iliyokunjwa siku nyingi nayo ikunjue siku moja kabla, uiweke katikati ya vitabu vizito ilale, kwa sababu hizi skana nyembamba za siku hizi zinaona vizuri kile kilichogusa kioo tu, sehemu ikiinuka hata milimita chache inakuja na ukungu. Usibonyeze mfuniko kwa nguvu kama unafunga begi, kioo kitapasuka na ni mali ya watu wote.

Umeme nao ni wa kuuwazia. Programu nyingi za kuskani zinashika kurasa kwa muda tu mpaka useme sevu, kwa hiyo ukiskani kurasa kumi na tano mfululizo bila kusevu halafu umeme ukakatika, zote zimeondoka. Nimeshuhudia mzee mmoja mstaafu, kaja na karatasi zake za mafao za miaka na miaka, kapanga kwa utaratibu wa ajabu, umeme ukaenda akiwa karibu kumaliza. Nilimpa pole, nikamwambia mzee wangu tukirudi tusevu kila kurasa tatu, tukakaa pale pamoja mpaka zikaisha. Alikuwa ananiita mwanangu tangu hapo na kila nikimkuta ananiuliza mkopo wa mdogo wangu umefikia wapi.

Majina ya mafaili usiyadharau. Ukiacha mashine iandike yenyewe utakuwa na Scan0001 mpaka Scan0040 na mwezi ujao hujui ipi ni ipi. Sisi tunaandika kifo_baba_cheti, chanika_mkataba_mbele, chanika_mkataba_nyuma, mtu yeyote wa familia akifungua hata kama mimi sipo anaelewa. Na kurasa za nyaraka moja ziwe PDF moja. Pale maktaba wameweka NAPS2, ni programu ya bure, inaunganisha kurasa na unaweza kuzipanga upya ukikosea mpangilio. Kama haipo na ni Windows 10 kuendelea, unachagua picha zote, unabonyeza Print, kwenye orodha ya mashine unachagua Microsoft Print to PDF, inatoka PDF moja bila karatasi.

Sasa hili lifuatalo ndo linaloniuma kuliko yote. Kompyuta za umma zimejaa maisha ya watu. Nimewahi kukaa kwenye kompyuta, sisemi ni wapi, nikakuta kitambulisho cha NIDA cha mama mtu mzima mbele na nyuma, mkataba wa ajira wa mtu na mshahara wake, majibu ya vipimo vya hospitali vya mtu mwingine, vyote viko wazi kwa yeyote anayekaa pale. Na hawa sio watu wazembe, wengi walifuta kile walichokiona. Tatizo ni kwamba nakala hazikai sehemu moja. Ukitumia Windows Fax and Scan kila ulichoskani kinabaki kwenye folda ya Scanned Documents ndani ya Documents, ukitumia ile programu nyingine ya Windows Scan kinabaki kwenye folda ya Scans ndani ya Pictures. Mtu anahamisha kwenye flashi, anafuta iliyoko kwenye skrini ya mbele, anaondoka ana amani, kumbe ile ya kwanza kabisa iko palepale. Halafu iliyofutwa nayo iko kwenye Recycle Bin. Kwa hiyo kabla sijanyanyuka kwenye kiti napita folda hizo, nafuta kwa Shift na Delete ili isipite Recycle Bin, naangalia Downloads kama nilifungua kitu kutoka kwenye barua pepe, natoka kwenye akaunti yangu, na barua pepe yenyewe huwa naifungua kwenye dirisha la faragha, Chrome ni Ctrl, Shift na N, likifungwa halikumbuki nenosiri langu.

Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ni sheria nzuri, ila sheria haiwezi kuingia kwenye folda ikafuta cheti chako jioni hii. Ukikuta cha mwenzio usikisome na usikipige picha, mwite mkutubi akifute. Mimi nilimwonyesha yule kaka, na tangu siku hiyo ana utaratibu wa kusafisha zile folda kabla ya kufunga.

Flashi nayo, wengi mnajua vile virusi vya shotkati, unachomeka flashi kwenye kompyuta ya watu ukirudi nyumbani mafolda yote yamegeuka shotkati na mafaili hayaonekani. Mafaili kawaida yanakuwa yamefichwa tu, hayajafutwa, usiformati kwa hasira. Mimi nina flashi ndogo ya kazi hiyo peke yake, haina kitu kingine. Na ukitaka kumtumia ndugu kwa WhatsApp tuma kama dokumenti, usitume kama picha, kwa sababu picha inabanwa na lile dole ulilohangaika nalo linarudi kuwa doa.

Karatasi zetu zimekwisha zote sasa. Cheti cha kifo kilihakikiwa, mdogo wetu alipandisha nyaraka zake bila kukataliwa, mirathi inaendelea na hakimu alitaka kuona mkataba halisi, sio ulioskaniwa, na hiyo ni haki yake, skani haiondoi thamani ya karatasi yenyewe. Karatasi imerudi kwa mama, nakala moja iko kwenye flashi kwa shangazi Tanga, nyingine kwenye akaunti yangu ya mtandaoni yenye nenosiri ambalo kaka yangu mkubwa analijua.

Kilichobaki ni picha za baba. Hizo nimeshaanza, picha za kuprinti naskani kwa dpi 600 maana ni ndogo na nataka siku moja tuzikuze, ila kuna filamu zake za zamani za kamera ambazo skana ya maktaba haiziwezi, filamu inahitaji taa ya kutokea juu ipite katikati yake, na ile yetu ina taa ya chini tu. Kama kuna mtu hapa Dar ana skana yenye taa ya juu na anaruhusu mtu akae naye pembeni wakati anaskani, mama angependa kuja na bahasha yake.